PhD yenye Mshahara katika Usalama wa Kompyuta: Namna ya Kuiwania

Tarehe 3 Januari 2018 dunia ilitangaziwa udhaifu wa aina mbili, Meltdown na Spectre, uliojificha ndani ya prosesa za kompyuta. Spectre pekee iligusa karibu kila prosesa ya kisasa, kuanzia seva kubwa hadi simu ya mkononi. Kosa halikuwa la programu moja iliyoandikwa vibaya. Lilikuwa katika tabia ya prosesa yenyewe, ambayo hukisia kazi inayofuata na kuanza kuifanya kabla haijathibitishwa kuwa inahitajika, ili kuokoa muda. Miongoni mwa waliolifichua lilikuwamo kundi la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, na wawili katika kundi hilo, Moritz Lipp na Michael Schwarz, walikuwa bado wanafunzi wa PhD. Mwezi Agosti mwaka huohuo ukatangazwa udhaifu mwingine, Foreshadow, na katika waliougundua alikuwamo Jo Van Bulck, mwanafunzi wa PhD wa KU Leuven, Ubelgiji.

Kila mwaka vyuo vya Ulaya na Marekani hutangaza nafasi za PhD katika fani hii, yaani usalama wa kompyuta wa ngazi ya chini, na nyingi hulipa mshahara au posho ya kuishi pamoja na kubeba ada. Kijana wa Mbeya, Kisumu, Kigali au Bukavu anaruhusiwa kuziomba sawa na wa Berlin. Hata hivyo wengi wetu hatuzijui, au tukiziona tunadhani ni za watu wengine. Makala hii inaeleza fani yenyewe ni ipi, nani hulipa, sifa zipi zinatakiwa, na namna ya kuomba. Jambo moja linatawala hatua zote hizo: anayechagua anataka ushahidi kwamba umeshaishika mashine kwa mikono yako. Cheti kizuri husaidia, lakini peke yake hakitoshi.

Ngazi ya chini ni ipi?

Usalama wa kompyuta una ghorofa nyingi. Juu kabisa kuna tovuti, nywila na barua pepe za kitapeli. Chini yake kuna mfumo endeshi, programu zinazogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, kumbukumbu, na mwisho prosesa. Utafiti wa ngazi ya chini hukaa huko, na huuliza: ikiwa msingi wenyewe unaweza kudanganywa, ulinzi wa juu una maana gani?

Chukua mfano wa lugha ya C. Funksheni imetenga nafasi ya herufi 64 ili kupokea jina la mtumiaji. Katika mpangilio wa kawaida wa prosesa ya biti 64, jirani na nafasi hiyo kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu inayotunza data za funksheni inayoendeshwa, kuna baiti 8 zinazotunza kielekezi cha fremu iliyotangulia, kisha baiti 8 nyingine zenye anwani ya kurudi, yaani mahali ambapo programu itaendelea funksheni ikishamaliza. Mtu anaandika herufi 80, na programu haipimi urefu. Herufi 64 za kwanza zinajaza nafasi iliyotengwa, 8 zinazofuata zinafuta kielekezi, na 8 za mwisho zinakaa juu ya anwani ya kurudi. Aliyezichagua herufi hizo 8 za mwisho ndiye sasa anayeamua programu iende wapi.

Hila ya aina hii ilitumiwa Novemba 1988 na mnyoo ulioangusha kompyuta nyingi za intaneti ya wakati ule, ulioandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Tangu hapo kinga zimeongezwa: alama ya siri inayowekwa kabla ya anwani ya kurudi, kumbukumbu ya data isiyoruhusiwa kutekelezwa kama msimbo, na anwani zinazochanganywa upya kila programu inapoanza. Washambuliaji nao hawakulala. Mwaka 2007 Hovav Shacham alionyesha kwamba mshambuliaji hana haja ya kuingiza msimbo wake, kwa kuwa anaweza kuunganisha vipande vidogo vilivyomo tayari ndani ya programu. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu inaourekebisha kila mwaka inatokana na makosa ya kumbukumbu. Baada ya miaka 30, mlango ule ule bado unavuja.

Vifaa navyo vina udhaifu wake. Kumbukumbu ya kompyuta hupanga chaji za umeme katika safu, kama vishimo vya ubao wa bao. Mwaka 2014 watafiti wa Carnegie Mellon wakishirikiana na Intel walionyesha kwamba ukiisoma safu moja mara nyingi sana kwa haraka, chaji za safu ya jirani huvuja na biti hugeuka, sifuri ikawa moja au moja ikawa sifuri, ingawa hakuna aliyeigusa safu hiyo. Kati ya kadi 129 za kumbukumbu walizozipima, 110 ziligeuza biti. Udhaifu huo huitwa Rowhammer. Mwaka 2016 kundi la Vrije Universiteit Amsterdam lilionyesha kwamba unaweza kutumiwa kuitwaa simu ya Android. Ukikumbuka kwamba Afrika Mashariki pesa zetu hupita kwenye simu, utaona kwamba swali hili si la maabara za Ulaya peke yake.

Nani analipa?

Nafasi hizi hulipwa kwa njia tofauti kulingana na nchi, na tofauti hiyo ndiyo huamua namna ya kuomba.

Uholanzi humhesabu mwanafunzi wa PhD kuwa mwajiriwa wa chuo. Mkataba kwa kawaida ni wa miaka 4, hakuna ada, na mshahara hupangwa kwa makubaliano ya kitaifa ya vyuo vikuu. Mwishoni mwa 2024 mshahara huo ulikuwa takriban euro 2,900 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, ukipanda hadi takriban 3,700 katika mwaka wa nne, kabla ya kodi. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, hivyo tangazo linaweza kutoka mwezi wowote.

Ujerumani nayo huajiri kwa ngazi ya mshahara iitwayo E13, ambayo hulipwa yote au kwa sehemu kulingana na chuo. Kwa fani hii vitazame zaidi kituo cha CISPA cha Saarbrücken na taasisi ya Max Planck ya usalama na faragha iliyoko Bochum, ambako kazi hufanyika kwa Kiingereza. Saarbrücken ina njia inayompokea hata mwenye shahada ya kwanza pekee. Graz ya Austria, KU Leuven ya Ubelgiji, na ETH Zurich na EPFL za Uswisi nazo zina makundi yenye jina kubwa katika fani hii.

Umoja wa Ulaya hufadhili mitandao ya mafunzo ya uzamivu iitwayo Marie Skłodowska-Curie. Raia wa nchi yoyote anaruhusiwa kuomba. Sharti kuu ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiendea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia, na usiwe na PhD tayari. Kwa mwombaji aliyeko Dodoma au Nairobi sharti hilo ni faida. Matangazo yake hupatikana kwenye tovuti ya EURAXESS.

Uingereza hutoa posho na ada, lakini soma tangazo kwa makini. Nafasi nyingi hulipia ada ya mkazi wa Uingereza pekee, na tofauti ya ada ya mgeni huwa kubwa. Uliza kwa maandishi: je, ufadhili unabeba ada yote ya mwanafunzi wa kimataifa? Kwa baadhi ya fani za teknolojia, raia wa nchi zetu huhitaji pia kibali cha serikali kiitwacho ATAS kabla ya viza. Hakilipiwi, lakini huchukua muda.

Marekani humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, na PhD huchukua miaka 5 au zaidi. Ufadhili hutoka kwa kufundisha au kufanya utafiti chini ya profesa. Maombi mengi hufungwa mwezi Desemba kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, ila vingi pia huisamehe ukiomba mapema na kueleza sababu.

Sifa zinazotakiwa

Sehemu kubwa ya Ulaya hudai shahada ya uzamili katika sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta, elektroniki au hisabati. Aliye na shahada ya kwanza tu anaweza kuelekea Marekani, au aanze na uzamili. Katika ukanda wetu, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi lake Kigali linalotoa shahada za uzamili za uhandisi na teknolojia ya habari, na waliopita hapo hupata barua za mapendekezo kutoka kwa wahadhiri wanaofahamika katika fani.

Zaidi ya cheti, matangazo hudai mambo yanayofanana: uandishi wa programu kwa C au C++, na siku hizi Rust; kuelewa mfumo endeshi na namna prosesa inavyofanya kazi; uwezo wa kusoma maagizo ya mashine; na Kiingereza cha kuandika. Ukiona orodha ya mambo nane na wewe una matano, omba. Orodha hiyo ni picha ya mwombaji anayetamaniwa, na huyo mara nyingi hapatikani.

Maandalizi unayoweza kuyaanza na laptop kuukuu

Fani hii haihitaji mashine ya gharama. Laptop ya zamani yenye Linux inatosha kwa mwaka wa kwanza wa kujifunza.

Anza na ule mfano wa herufi 64. Andika programu hiyo mwenyewe, uipeleke kwa gcc, inayogeuza msimbo wa C kuwa maagizo ya mashine, ukiwa umezima kinga ya staki kwa -fno-stack-protector, kisha uiendeshe ndani ya gdb, inayokuwezesha kuisimamisha programu na kutazama kumbukumbu yake. Ingiza herufi 80 na utazame anwani ya kurudi ikibadilika mbele ya macho yako. Halafu irudishe kinga na urudie: funksheni ikitaka kurudi, programu itasimamishwa na ujumbe kwamba staki imeharibiwa. Andika kurasa mbili ukieleza ulichokiona na kwa nini. Kurasa hizo mbili ni mwanzo wa ushahidi wako.

Kisha ingia pwn.college, mafunzo ya bure yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, yanayopanda hatua kwa hatua kutoka amri za Linux hadi kushambulia keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Anayeanza kabisa apitie picoCTF ya Carnegie Mellon kwanza. Kwa mfumo endeshi, MIT hutoa bure xv6, mfumo mdogo ambao mtu mmoja anaweza kuusoma wote na kuuelewa. Kwa kuchambua programu ambayo msimbo wake huna, tumia Ghidra, iliyotolewa bure na shirika la ujasusi la Marekani NSA mwezi Machi 2019.

Baada ya hapo, soma maandiko ya utafiti. Mikutano minne ndiyo huheshimiwa zaidi: IEEE Security and Privacy, USENIX Security, ACM CCS na NDSS. Maandiko ya USENIX na NDSS husomwa bure. Chagua andiko moja lenye msimbo uliotolewa hadharani, ujaribu kurudia matokeo yake kwenye mashine yako. Likikubali, eleza. Likikataa, tafuta sababu: je, ni aina ya prosesa, toleo la keneli, au kinga mpya? Mwombaji aliyerudia andiko moja na kueleza kwa nini matokeo yake yalitofautiana ameshafanya kazi ya mtafiti kabla hajaitwa mtafiti. Weka msimbo na maelezo hayo hadharani, kwa sababu yatasomwa.

Mipaka ya sheria

Jaribu kwenye mashine yako, au kwenye mazoezi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, basi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina sheria yake ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta. Zote mbili zinahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, hata kama hukuiba kitu na hata kama nia yako ilikuwa kusaidia. Ukigundua udhaifu katika programu huria, wape taarifa wanaoitunza kwa faragha na uwape muda wa kurekebisha kabla ya kutangaza. Ndivyo walivyofanya waliogundua Meltdown: kampuni husika ziliarifiwa miezi kadhaa kabla. Makundi ya utafiti huuliza sana juu ya maadili haya, na aliyejisifu kwa kuvunja mfumo wa benki hafiki kwenye usaili.

Kumwandikia profesa

Hapa ndipo waombaji wengi wazuri hupotea. Barua inayoanza na sifa ndefu kwa profesa, ikafuata historia ya maisha, ikamalizia kwa kuomba ufadhili wowote utakaopatikana, haisomwi hadi mwisho. Profesa hupokea nyingi za namna hiyo.

Barua inayojibiwa ni fupi na ina mambo manne: wewe ni nani, umefanya nini, kazi gani ya kundi lake umeisoma na una swali gani, na kama kuna nafasi. Kwa maana, iwe hivi, ukiiandika kwa Kiingereza:

"Profesa, nimemaliza uzamili wa uhandisi wa kompyuta mwaka huu. Nimesoma andiko lenu kuhusu kugeuka kwa biti katika kumbukumbu za simu, na nimejaribu kulirudia kwenye kompyuta mbili nilizonazo. Kwenye ya kwanza nilipata biti zinazogeuka. Kwenye ya pili sikupata hata moja, na nadhani sababu ni kasi kubwa zaidi ya kuburudisha chaji za safu. Vipimo na msimbo viko kwenye kiungo hiki. Je, mmewahi kuona kinga hiyo ikishindwa katika kumbukumbu za aina hiyo? Ningependa kuomba nafasi ya PhD mliyotangaza, na wasifu wangu nimeuambatisha."

Barua hiyo haibembelezi. Inamwonyesha profesa mtu anayeweza kukaa naye mezani kesho. Mwandikie mmoja mmoja, usinakili barua moja kwa watu hamsini. Asipojibu ndani ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha endelea na wengine. Pale ambapo tangazo linasema maombi yapite kwenye mfumo wa chuo, yapitishe huko hata kama umeshaandikiana naye.

Andaa mapema pia barua za mapendekezo, mbili au tatu. Mwombe mwalimu aliyesimamia mradi wako badala ya mkuu wa idara asiyekujua. Mpe wasifu wako, tangazo, na muhtasari wa kazi mliyofanya pamoja, angalau wiki nne kabla ya mwisho. Mwalimu mwenye shughuli nyingi huandika barua nzuri akiwa na vitu vya kuandika.

Usaili

Kwa kawaida usaili hufanyika kwa video, na hatua huwa mbili au tatu. Utaombwa kueleza mradi wako, pengine kwa slaidi chache, kisha maswali yachimbe chini: kwa nini ulichagua njia hii, ungefanya nini kinga hii ingekuwapo, kipimo chako kina kosa gani. Makundi mengine hutoa kazi ya kufanya nyumbani, kama kuchambua programu ndogo au kupitia andiko. Usipojua, sema hujui, kisha eleza ungeanzia wapi kutafuta jibu. Katika utafiti hakuna anayejua jibu tangu mwanzo, na msaili anataka kuona unavyofikiri ukifika hapo. Panga mtandao wa akiba na umeme wa akiba, na hakikisha saa ya usaili imegeuzwa sawasawa kuwa saa zetu.

Wewe pia una haki ya kuuliza. Mkataba ni wa miaka mingapi, na fedha zimethibitishwa zote au za mwaka wa kwanza tu? Wanafunzi waliotangulia wako wapi leo? Msimamizi hukutana nao mara ngapi? Nauli ya kwenda kwenye mikutano hulipwa na nani? Omba kuzungumza na mwanafunzi mmoja wa kundi hilo bila profesa kuwapo. Msimamizi mwema hatakuwa na pingamizi.

Jihadhari na matapeli

Penye fedha za masomo hapakosi matapeli. Nafasi ya kweli hupatikana kwenye tovuti rasmi ya chuo chenyewe, na barua pepe hutoka kwenye anwani ya chuo. Hakuna chuo kitakachokutaka utume "ada ya kuhakikishiwa nafasi" kwa M-Pesa au Airtel Money kwa namba ya mtu. Hakuna wakala anayeweza kukuuzia nafasi ya PhD, kwa sababu anayechagua ni profesa na jopo lake. Ada halali ya maombi, kama ya vyuo vya Marekani, hulipwa ndani ya mfumo wa chuo. Ukiwa na shaka, tafuta simu ya idara kwenye tovuti ya chuo na uulize.

Ukishapata

Soma mkataba wote kabla ya kusaini. Uholanzi chuo chenyewe hupeleka maombi ya kibali cha ukaazi kwa idara ya uhamiaji, lakini kwingineko huenda ukahitaji kushughulikia viza mwenyewe, hivyo uliza mapema nani anafanya nini. Mara nyingi utahitaji cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vilivyothibitishwa, navyo huchelewa kutoka kuliko mtu anavyodhani. Weka akiba ya nauli, amana ya nyumba na matumizi ya mwezi wa kwanza, maana mshahara hulipwa mwisho wa mwezi. Wenye familia waulize sheria ya kuleta mwenzi na watoto kabla ya kukubali.

Kwa anayetaka kuanza masomo kati ya Agosti na Oktoba mwakani, mwaka ugawanywe hivi. Januari hadi Machi, misingi: C, Linux, gdb na xv6. Aprili hadi Julai, mazoezi ya pwn.college na kurudia andiko moja. Agosti, andika maelezo ya kazi hiyo na uyaweke hadharani. Septemba, wasifu, vyeti na kuwaomba walimu barua. Oktoba, waandikie maprofesa. Novemba na Desemba, tuma maombi ya Marekani na ya nafasi za Ulaya zenye tarehe maalumu, huku ukifuatilia zile zinazotangazwa muda wowote. Mwaka usipozaa nafasi, kazi uliyoifanya haipotei: benki, kampuni za simu na taasisi za serikali hapa kwetu zinahitaji watu wanaoelewa mashine kwa kina hicho, na mwakani utaomba tena ukiwa na mengi zaidi ya kuonyesha.